Potasiamu 8.9: kisa cha mama wa kitanda cha dirishani na picha niliyoikata

Wacha nianze na kosa langu, ndo msisome hadi katikati mkaanza kuuliza mbona huyu jamaa analaumu watu wa wodi. Mimi ni mtu wa maabara, hospitali ya kaunti huku Western, jina siweki. Picha iliyomponza huyu mama niliipiga mimi kwa simu yangu na nikaikata mimi mwenyewe.

Mgonjwa alikuwa mama wa miaka 63, mwembamba, mtu wa shamba, amekunywa dawa za presha miaka mingi, enalapril pamoja na ile ya kukojoza. Aliletwa kashualti Jumatatu mchana akiwa ameharisha na kutapika siku tatu, midomo imekauka, presha iko chini. Wakamwekea dripu, wakampeleka wodi ya akina mama, kitanda cha dirishani. Kufika jioni alikuwa ameanza kuchangamka, ameitisha uji, anapiga simu nyumbani kuuliza kama ng'ombe amekamuliwa ama wanangoja yeye arudi. Shikeni hiyo ya uji na ng'ombe, nitairudia.

Konsaltanti alipita saa kumi na moja akaandika hemogramu (hesabu ya seli za damu), UEC, vipimo vya ini na kalsiamu. UEC ni kile kipimo cha figo na chumvi za damu, hapo ndani kuna sodiamu, potasiamu, yurea na kreatinini, na kwa mtu aliyeharisha siku tatu na bado anakunywa enalapril, hicho ndo kipimo unachokitaka haraka.

Saa mbili usiku mhudumu akaniletea chupa mbili zimefungwa na fomu kwa raba iliyokatwa kwa glovu, moja ya kizambarau na moja nyekundu. Fomu ilikuwa na jina, namba ya kitanda, na maneno mawili matatu ya daktari. Pale pa kuandika saa damu ilitolewa na nani aliitoa palikuwa peupe kabisa, na sikushangaa, miaka yote niliyofanya hii kazi ninaweza kuhesabu kwa vidole fomu zilizojazwa hapo.

Nilikuwa peke yangu usiku huo. Theta walikuwa na mama aliyejifungua kwa upasuaji anavuja damu, wanataka yuniti mbili, kwa hivo mkono mmoja uko kwa krosmechi, yaani kulinganisha damu ya kuongezewa, na mwingine kwa hizi chupa. Sasa, damu ya chupa nyekundu ya kawaida huganda kwa nusu saa hivi. Hii niliangalia baada ya dakika arobaini, nikaiinamisha, ikatiririka. Imeshikana kidogo tu chini, huku juu ni maji maji. Nikajiambia huyu mama lazima yuko kwa heparini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, nikaiingiza kwa mashine ya kuzungusha. Ilipotoka ilikuwa na nyuzi nyuzi zinaelea, nikazivua na kijiti kama mtu anayetoa utando kwa maziwa, nikaendelea. Hilo la heparini sikuuliza mtu. Nililitunga kichwani ndo nisonge mbele.

Kitu nilichoangalia kwa makini ni rangi. Seli nyekundu zina potasiamu ndani zaidi ya mara 20 ya ile iliyo nje, kwa hivo damu ikivunjwa wakati wa kutolewa, labda sindano ni nyembamba sana ama mtu amevuta kwa nguvu, potasiamu ya ndani inamwagika na namba inaruka juu bure. Damu ikivunjika seramu, yale maji ya juu damu ikishaganda, inakuwa ya waridi ama nyekundu. Hii ilikuwa njano safi, unaweza kusoma gazeti kupitia hapo. Nikaridhika.

Mashine ikasema potasiamu 8.9. Ya kawaida ni kati ya 3.5 na 5.1 hivi. Nikarudia, 8.8. Hapa kuna mtego ambao sisi watu wa maabara tunauingia kila siku: kurudia sampuli ile ile kunakwambia kama mashine iko sawa, hakukwambii lolote juu ya kilichofanyika kabla chupa haijafika kwako. Lakini ukiona 8.9 halafu 8.8 roho inatulia, unasema basi ni ya ukweli.

Potasiamu ikipita 6.5 ni lazima nipigie wodi saa hiyo hiyo, hiyo ni sheria ya maabara yetu. Simu ya ukutani ya wodi ilikuwa imekufa tangu mvua za Aprili. Kwa hivo tunatumia WhatsApp, namba ya intani, daktari aliye mafunzoni, aliye zamu. Nikapiga picha ya skrini ya kompyuta. Chini ya kreatinini kulikuwa na mistari ya kalsiamu na ini, na chini yake limejitokeza jina la mgonjwa mwingine, na mimi nikawa muungwana, sitaki jina la mtu litembee kwa simu za watu, nikaikata picha pale chini ya kreatinini. Kalsiamu ikaenda na hilo jina. Ilikuwa 0.7. Ya kawaida ni 2.1 hadi 2.6. Niliiona? Macho yaliiona. Theta wakaita tena kuhusu damu yao nikaondoka.

Intani akajibu ndani ya dakika moja: "Bro hii ni ya ukweli kweli? Haijavunjika?"

Nikamwandikia: "Seramu safi kabisa daktari."

Hayo maneno ndo yanayoniuma hadi leo kuliko hata picha. Kijana aliuliza swali zuri kabisa, na mimi nikajibu swali dogo kuliko lile alilouliza. Yeye alitaka kujua kama namba inaweza kuaminika, mimi nikamjibu kuhusu rangi.

Mwangalieni sasa yeye yuko wapi. Ana mgonjwa aliyekaukiwa na maji, kreatinini 142 kumaanisha figo zimelegea kidogo, anakunywa enalapril ambayo inajulikana kupandisha potasiamu. Kila kitu kinakubaliana na hiyo namba. Potasiamu ya 8.9 ikiwa ya kweli inaweza kusimamisha moyo wakati wowote, huwezi kusema tungoje asubuhi. Aliomba ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, mashine iko kashualti na karatasi zake zimeisha. ECG ingemwonyesha moyo unadunda kawaida na pengine angesita. Hakuipata, akafanya vile vitabu vinasema: kalsiamu gluconate kwa mshipa ili kulinda moyo, insulini yuniti 10 pamoja na dekstrosi ya asilimia 50 mil 50, na salbutamol ya kuvuta. Insulini iliingia saa tano na dakika ishirini usiku.

Mimi hapo simlaumu hata kidogo, na kuna mtu kwa mkutano alitaka kumlaumu.

Insulini husukuma potasiamu iingie ndani ya seli, lakini pia inasukuma sukari, na hiyo dekstrosi moja huisha kabla insulini haijaisha, hasa kwa mtu mwembamba asiye na kisukari na figo zake zimechoka. Ndo maana sukari inafaa kupimwa kila saa kwa kama saa sita. Intani aliandika hivo kwa faili, nililiona mwenyewe, mwandiko mzuri. Sasa glukomita ya wodi ni moja na wanaitumia pamoja na wodi ya wanaume. Saa sita na nusu walipima, 7.4. Halafu kukawa na mgonjwa wa kisukari amezidiwa upande wa wanaume, glukomita ikavuka ng'ambo na haikurudi. Manesi wawili, vitanda vimejaa, wengine wamelala wawili wawili.

Aliyemwokoa ni mgonjwa wa kitanda cha pili, mama mmoja muuza omena, huchukua Usenge anauzia soko la Luanda. Saa nane na nusu usiku akaanza kuita, "Sista! Sista! Huyu mwenzangu amelowa kama amenyeshewa na ananiita jina sio langu!" Sukari ilikuwa 1.9. Wakampa dekstrosi, baada ya dakika kama kumi akafungua macho akauliza mbona mmeniwashia taa.

Intani akatoa damu mpya mwenyewe, mkono ambao hauna dripu, akaileta maabara kwa miguu akikimbia. Potasiamu 3.3, kalsiamu 2.4.

Hapo ndo akili ilirudi. Insulini yuniti 10 ikifanya vizuri inashusha potasiamu kwa kama 0.6 hadi 1, ukiongeza salbutamol labda unafika 1 na kitu. Kutoka 8.9 hadi 3.3 ni kushuka kwa 5.6 ndani ya saa tatu na kidogo, hiyo haiko, hata ukimfunga kwa mashine ya kusafisha damu sijui kama utaipata haraka hivo. Lakini ukichukua mtu aliyeanza na 4.4 ukamshusha 1.1, unapata 3.3 kabisa. Nikarudi kwa kompyuta, nikashukisha ukurasa ule wa kwanza hadi chini, nikaiona kalsiamu 0.7, na chini yake ALP, ile ya ini, 14, ambayo ni ya chini mno kwa mtu mzima. Nikakaa kwa kile kiti chetu kilichovunjika mgongo.

Kwa wale wasiofanya kazi na hizi chupa: ile ya kizambarau ndani yake kuna dawa inaitwa EDTA, kazi yake ni kuzuia damu isigande, na inafanya hivo kwa kunyakua kalsiamu yote, maana bila kalsiamu damu haigandi. Na hiyo EDTA imetengenezwa ikiwa imeshikana na potasiamu. Kwa hivo tone la damu ya kizambarau likiingia kwa chupa nyekundu, linabeba potasiamu ya kiwandani na linameza kalsiamu. ALP nayo haifanyi kazi bila zinki na magnesiamu, na EDTA inazinyakua hizo pia. Potasiamu juu, kalsiamu chini, ALP chini, na damu inayokataa kuganda. Zote nne zilikuwa mezani kwangu usiku ule ule. Na mtu mwenye kalsiamu ya 0.7 ya kweli vidole vingekuwa vimekakamaa, pengine angekuwa anatupa mikono na miguu, sio anakunywa uji na kuuliza mambo ya ng'ombe.

Nikapiga hesabu nyuma ya karatasi ya krosmechi. Chupa hizo huwa na EDTA kama miligramu 1.8 kwa kila mililita ya damu. Ungemimina ya kizambarau tupu kwa chupa nyekundu, potasiamu ingepanda kwa 14 na zaidi, ingesoma 19 huko na mtu yeyote angejua ni upuzi. Yetu ilipanda kwa 4 na nusu hivi. Kwa hivo karibu theluthi moja ya damu kwa ile chupa nyekundu ilipitia kwa kizambarau kwanza. Hiyo ndo mbaya zaidi, kosa dogo lililotoa namba inayoaminika.

Asubuhi shifti ilipoisha sikwenda nyumbani, nikapanda wodini. Nilikuwa nimeamua sitauliza nani alitoa damu, kwa sababu ukiuliza hivo kila mtu anakuwa alikuwa amekwenda chai. Nikauliza tu damu iliingiaje kwa hizi chupa. Sista akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Mtoto wa mgonjwa alikuwa ashafika, anasema anataka mamake apelekwe Russia, ndo sisi huku tunaita ile hospitali ya Jaramogi Kisumu. Aliyenijibu ni mama wa omena, hata hakuinuka.

"Daktari mwanangu, mimi niliona. Yule msichana mdogo alimdunga mwenzangu mara tatu, mishipa inakimbia. Ya nne ikatoa kidogo. Akajaza kwa ile ya rangi ya zambarau, akaona hii nyingine haijatosha, akafungua akaongezea kutoka kwa ile."

"Una hakika mama?"

"Mimi hupima omena kwa gorogoro, najua mtu anayejazia kipimo."

Msichana ni mwanafunzi wa unesi, mwaka wa pili. Nilimpata kwa chumba cha kufua vyombo na nikamwambia kwanza kwamba mimi ndo niliyekata picha. Akaeleza bila kuficha. Sindano maalum na vile vishikio vyake, zile unazoingiza chupa na inavuta damu yenyewe, zilikuwa zimeisha wodini, na stoo hufungwa saa kumi na moja, kwa hivo alitumia sirinji ya mil 10. Ikatoka na mil 5 na kidogo. Kizambarau inataka mil 4, akaijaza hadi kwa mstari kama alivyofundishwa, kilichobaki kwa sirinji kikaingia kwa nyekundu na hakikufika popote. Mama alikuwa ashasema wacha mjukuu wangu, imetosha, nimekuwa chujio. Msichana akamhurumia. Akafungua kizambarau akamimina kidogo.

Halafu akaniuliza, "Lakini si damu ni ya mtu mmoja?"

Kwa kweli ukiangalia ni swali la maana. Hakuna mahali pengine popote maishani ambapo kumimina kitu kile kile kutoka chombo hiki hadi kile kunakigeuza kuwa kitu kingine. Alikuwa amefundishwa rangi na vipimo: kizambarau hemogramu, nyekundu figo na ini, kijivu sukari. Hakuna aliyemwambia ndani ya hizo chupa kuna nini. Angejua kwamba nyekundu inajazwa kwanza na kizambarau baadaye, na kwamba damu ikikosa kutosha unatuma kidogo na unaandika kwa fomu "damu kidogo", kisa hiki hakingekuwepo, mimi ningepima hata na mil 1.

Mkutano ulikuwa Jumatano. Nitaupita haraka kwa sababu mnaijua hiyo mikutano. Kulikuwa na maoni kwamba mwanafunzi aandikiwe barua na chuo chake kijulishwe. Kulikuwa na mtu wa kusema intani angengoja ECG, mtu ambaye mwenyewe anajua karatasi zimeisha. Maabara tulikuwa tumekaa upande wetu tumenyamaza kwa sababu kwa makaratasi tuko safi, tulitoa jibu kwa wakati, tukajulisha wodi, tukarudia kipimo. Nikasimama nikaonyesha picha mbili kwa simu, ile niliyotuma na ile nzima. Bosi wangu hakufurahia, alinitazama vile mzazi hutazama mtoto anayesema siri za nyumbani mbele ya wageni.

Halafu nikafanya kitu ambacho naona kilisaidia kuliko maneno. Asubuhi hiyo nilikuwa nimejitoa damu yangu mwenyewe, nikapima nyekundu safi, potasiamu 4.2 na kalsiamu 2.4. Nyekundu ya pili nikaiongezea kutoka kwa kizambarau hadi theluthi moja, ikasoma 9.2 na 0.6. Nikazipitisha zile chupa mezani, mkono kwa mkono. Yaani kwa macho hazina tofauti, mpaka uziinamishe, hapo unaona moja imeganda kama jeli na nyingine inateleza. Metroni aliinamisha, akarudia, akampa anayefuata. Baada ya hapo hakuna aliyetaja barua tena.

Msimamo wangu ambao wenzangu wengine hawaupendi ni huu: hapa maabara ndo tulikuwa na nafasi kubwa ya kukamata hili kosa, sio wodi. Mwanafunzi hakuwa na njia ya kujua. Intani alipewa nusu ya ukurasa. Sisi ndo tulikuwa na ukurasa mzima, na chupa yenyewe mkononi ikitiririka. Tumezoea kujiita watu wa nyuma, sisi ni namba tu, mgonjwa ni wa wodi. Lakini mtu wa mwisho kuishika ile damu ni wewe.

Kuna vitu vimebadilika na vingine wapi. Sasa potasiamu ikipita 6.5 hatutumi kabla hatujasoma kalsiamu na ALP kando yake, na tunapiga simu ya sauti, tunauliza mgonjwa anaonekanaje na damu ilitolewa vipi, halafu ndo picha, ukurasa mzima, jina la mgonjwa mwingine unalifunika na karatasi. Troli ya wodi ina kadi ya rangi imefunikwa na plastiki, nyekundu juu, kizambarau chini yake, kijivu mwisho, na maneno makubwa USIMIMINE. Stoo wanaacha boksi moja la sindano za usiku kwa ofisi ya sista. Wodi ilipata glukomita yake. Simu ya ukutani bado imekufa. Karatasi za ECG zilikuja, zikaisha, ziko kwa oda.

Mama aliruhusiwa Ijumaa, potasiamu 4.1, enalapril imesimamishwa hadi kliniki. Hakwenda Russia. Aliagana na mama wa omena kwa kushikana mikono muda mrefu, wakapeana namba.

Shida ikawa bili. SHA yake, ile bima ya afya ya serikali, haikuwa imelipiwa, kwa hivo ni pesa taslimu, na kwa bili kulikuwa na UEC tatu, insulini, dekstrosi mara mbili, nebulaiza na stripi za sukari. Kijana wake akaniuliza, bila hasira, kwamba hiyo UEC ya kwanza iliyokuwa ya uongo na dawa za kutibu huo uongo, zinalipwa na nani. Nikaenda naye dirisha la malipo. Wakasema iletwe barua kutoka kwa mkuu wa maabara. Nikaileta. Wakasema na ya wodi. Tukapanda tukashuka. Kufika saa tisa walikuwa wametoa UEC moja, insulini, nebulaiza na dekstrosi. Stripi walikataa kutoa, ati zile zilitumika kweli. Nikatoa mfukoni, kijana akapokea risiti, akaikunja mara nne akaiweka ndani ya kofia.